Abatezi wa Enanga na Uhondo wa Hadithi Ndefu: Historia ya Sanaa ya Utendi katika Buhaya

Katika historia ya burudani za Buhaya, yaani nchi ya Wahaya iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi mkoani Kagera, sanaa iliyodai muda mrefu kuliko nyingine, na ambayo wasikilizaji waliipa muda huo kwa hiari yao, ilikuwa ni utendi unaoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo enanga. Sanaa hiyo ilisikika katika ikulu za wafalme na pia katika nyumba za watu wa kawaida kwenye vijiji vilivyozungukwa na migomba, mfano wa vile vya Kata ya Ijumbi wilayani Muleba. Kuichunguza sasa kuna maana ya pekee, kwa sababu kizazi kipya duniani kote kimejikuta kikivutwa na aina nyingine ya hadithi ndefu, nayo ni michezo ya video ya kuvaa uhusika, ambamo mchezaji huingia katika nchi ya kubuniwa yenye miungu, mazimwi na falme zinazogombana, akaishi humo kwa makumi ya saa akiwa ndani ya nafsi ya shujaa mmoja. Shauku ya wachezaji hao mara nyingi huelezwa kama tunda la mashine, lakini historia ya Buhaya inaonyesha kwamba hamu ya kuzama katika ulimwengu wa hadithi ilikuwa na taasisi zake, wataalamu wake na kanuni zake muda mrefu kabla ya umeme kufika katika vilima hivyo.

Enanga ni ubao mrefu wa mti uliochongwa ukawa na uvungu kama hori, ambao ncha zake mbili huwa na meno yaliyotolewa kwenye mti wenyewe, na uzi mmoja mrefu, ambao kwa desturi ulitokana na kano za ng'ombe, hupitishwa katika meno hayo ukaenda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi saba au nane zenye sauti tofauti. Ala za namna hiyo hupatikana pia Rwanda na Burundi, ambako huitwa inanga, na vilevile kusini-magharibi mwa Uganda na katika Kivu; lakini msomaji asiichanganye na ile ya Waganda inayoitwa kwa jina linalokaribiana sana, kwani hiyo ni kinubi chenye shingo iliyopinda na ina historia yake yenyewe. Mpigaji wa enanga huitwa omutezi, na wingi wake ni abatezi. Huketi akaipakata ala mapajani, akazicharaza nyuzi kwa vidole huku akiimba, na mara nyingine sauti yake hushuka ikawa karibu na maneno ya kawaida, kisha hupanda tena pale hadithi inapofikia vita, kifo au fedheha ya mtu mkubwa.

Omutezi hakuimba mbele ya watu walionyamaa kimya. Wasikilizaji walimwitikia, walimsifu kwa sauti pale alipowagusa, walimkatiza kwa vigelegele, walimtuza vitu au fedha na kumpa rubisi, yaani pombe ya ndizi, pamoja na buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya huzitafuna na kumkaribishia mgeni. Wasikilizaji walikuwa na nguvu halisi juu ya hadithi, kwa maana omutezi aliyeona kwamba hadhira yake imekolea aliweza kukirefusha kisa, kuongeza majigambo ya shujaa, kutaja mahali na koo zinazowahusu waliokuwepo, na yule aliyeona wamechoka aliweza kulikaza pambano na kulifikisha mwisho. Kwa hiyo utendi uleule haukuimbwa mara mbili kwa namna moja. Mifupa ya hadithi ilikuwa ya jamii nzima na kila mtu mzima aliifahamu, ila nyama yake ilifanywa usiku ule, mbele ya watu wale, na hilo ndilo lililomfanya mtu aliyekwisha kusikia kisa mara nyingi atake kukisikia tena.

Maudhui ya tendi hizo yalitoka katika hazina pana. Ziko tendi zinazohusu wafalme na watukufu waliohesabiwa kuwa watu wa historia, na ziko zile ambazo wahusika wake ni wa ulimwengu wa Bachwezi, yaani wale watawala na miungu wa kale ambao jamii nyingi za Maziwa Makuu, kutoka Bunyoro hadi Buhaya, huwataja katika asili ya falme zao. Miongoni mwao Wahaya walimtambua Wamara kama mkubwa wao, Mugasha kama bwana wa ziwa, upepo na mvua ya dhoruba, Irungu kama mwenye nyika na msitu, na Kazoba kama mwenye jua. Katika moja ya masimulizi ya Buhaya, Wamara na wenzake wanashuka katika nchi ya chini ya ardhi inayotawaliwa na Kintu, wanapokewa kwa ukarimu, wanapewa ng'ombe na mbegu za kupeleka juu, na wanaaswa wasisahau kurudi kutoa shukrani. Wamara anasahau, na Kintu anampeleka Kifo aifuate ahadi iliyovunjwa. Hadithi hiyo ina safari ya kwenda nchi isiyojulikana, ina zawadi yenye sharti, na ina kosa dogo la mfalme linalowagharimu watu wote. Mtu yeyote anayezifahamu hadithi zinazopendwa na wachezaji wa leo atatambua mara moja kwamba hakuna kinachokosekana hapa.

Jambo moja linalofaa kusisitizwa ni kwamba ulimwengu huo wa ajabu haukuwekwa mbali na msikilizaji. Mugasha aliyetajwa katika utendi ndiye yuleyule ambaye wavuvi walimheshimu kabla ya kuingiza mtumbwi majini, na dhoruba iliyovunja migomba katika wimbo ilifanana na ile iliyoweza kuvunja migomba ya msikilizaji kesho yake. Zaidi ya hayo, Buhaya ilikuwa na watu walioitwa embandwa, ambao katika ibada walitawaliwa na roho za Bachwezi wakasema kwa sauti za miungu hiyo. Ibada si mchezo, na haifai kuidharau kwa kuifananisha ovyo; lakini ni wazi kwamba jamii iliyozoea kumwona jirani akizungumza kama Wamara ilikuwa na uelewa wa kina juu ya maana ya mtu kuingia katika nafsi isiyo yake.

Wataalamu wa fasihi hawakuikubali sanaa hii kwa urahisi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi, kwa maana ya wimbo mrefu wa kishujaa, ulikuwapo katika bara hili kwa kiwango cha kutajwa, na mjadala mrefu ukafuata. Kutoka Kongo ya mashariki kulikuwa tayari na ushahidi wa utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa Candi Rureke na kuuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Kwa upande wa Buhaya, jibu lilitolewa na Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika makala yake ya mwaka 1983 na kisha katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 alithibitisha kwamba abatezi wa enanga walikuwa wasanii wa utendi kwa kipimo chochote cha haki. Kazi hiyo ni mojawapo ya huduma kubwa zaidi ambazo msomi mmoja amezifanyia fasihi ya Kagera, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa mkoa huo humaliza shule bila kuisikia.

Pamoja na utendi wa enanga ilikuwapo sanaa nyingine ambayo kwa mada ya makala haya ina uzito mkubwa zaidi, nayo ni ile ya kwebuga, yaani kujigamba kishujaa. Maneno ya majigambo hayo huitwa ebyebugo. Mtu aliyekwebuga alisimama mbele ya mfalme, ambaye aliitwa Omukama, akashika mkuki, akatamka kwa kasi na kwa pumzi ndefu majina yake ya sifa, ukoo wake, vita alivyopigana au alivyokuwa tayari kupigana, na kiapo chake cha utii. Tofauti na omutezi, ambaye alisimulia ushujaa wa mtu mwingine, mwenye kwebuga alikuwa mtunzi, mwigizaji na shujaa kwa pamoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga nafsi atakayoivaa, na kwa muda wa majigambo hayo nafsi hiyo ilikuwa kweli mbele ya macho ya watu wote, hata kama siku nyingine zote alikuwa mkulima wa kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba.

Kwebuga kulikuwa na sheria zilizojulikana. Mtu hakujipa sifa ambazo ukoo wake haukuzistahili bila kuchekwa, hakumkaribia Omukama kuliko mipaka iliyowekwa, na maneno yake yalipaswa kuwa na mapigo na picha zilizofumwa kwa ustadi, kwani hadhira ilikuwa ya wajuzi. Faida yake pia haikuwa ya kufikirika tu, kwa kuwa Omukama alikuwa na uwezo wa kuwatunuku watu wake vyeo, ng'ombe na hata nyarubanja, yaani eneo la ardhi ambamo wakazi walifanywa kuwa wapangaji wa aliyepewa, mfumo ambao uliumiza wengi mpaka ulipofutwa kisheria katika miaka ya 1960. Hivyo mtu aliingia katika uhusika kwa moyo wake wote kwa sababu uhusika huo ulikuwa na njia ya kupanda daraja, ulikuwa na hatari ya kuaibika, na ulikuwa na mashahidi. Kwebuga hakujafa, bado husikika katika harusi na katika mapokezi ya viongozi, ingawa mkuki sasa ni wa sherehe, na anayeapiwa utii huenda ni baba mkwe au mkuu wa mkoa.

Msingi wa yote haya uliwekwa utotoni, katika ngano zilizosimuliwa jioni ndani ya msonge, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi chini. Peter Seitel, mtafiti wa Kimarekani aliyezikusanya ngano hizo na kuzichapisha mwaka 1980, kisha akarudi kuandika juu ya fasihi ya Wahaya kwa jumla mwaka 1999, alionyesha kwamba msimulizi huanza kwa kujitangaza kuwa amekuja na ameona, na wasikilizaji humwitikia kwa kumtaka aone ili nao waone. Mapatano hayo ya mwanzo yanamfunga kila mmoja. Msimulizi anakubali kuwa macho ya wenzake, na msikilizaji anakubali kwamba tangu hapo yupo mahali pengine na hapaswi kuuliza kama fisi huweza kuoa au kama mtungi huweza kusema.

Kilichoidhoofisha sanaa ya enanga ni kuvunjika kwa nguzo zilizoibeba, na nguzo hizo zilivunjwa moja baada ya nyingine. Buhaya haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Kiziba, Ihangiro na Kihanja, na kila ikulu ilihitaji wasanii wa kuitukuza. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, wafalme walibaki lakini vita baina yao vilikoma kwa amri ya mgeni, na baadhi yao, kama Kahigi wa Kihanja aliyekuwa na makao Kanazi, walipata nguvu mpya kwa kushirikiana na utawala huo. Ikulu ziliendelea kuwa na fahari, ila ushujaa wa mkuki ulikwisha kugeuka kumbukumbu. Wamisionari wa Kikatoliki wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892, na wale wa Kiprotestanti wakafuata katika miongo iliyofuata. Shule zao zilileta kusoma na kuandika, na pia zilifundisha kwamba Wamara na Mugasha walikuwa mashetani ambao Mkristo asingepaswa kuwaimba. Kisha mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu, uamuzi uliokuwa na sababu nzito za kisiasa na ambao wananchi wengi waliufurahia, lakini kwa abatezi ulimaanisha kwamba mlezi wao mkuu hayupo tena.

Hata hivyo sanaa haikuzimika. Ilihamia kwenye harusi, kwenye baa za rubisi na kwenye nyumba za wakulima waliopata fedha za kahawa, na katika kipindi hicho ndipo walipong'ara abatezi kama Habibu Selemani, ambaye jina lake la Kiislamu ni ushahidi tosha kwamba enanga haikuwa mali ya dini moja. Mapigo makali zaidi yalikuja baadaye. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliufanya mkoa kuwa uwanja wa mapambano, na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Ugonjwa huo ulikiumiza zaidi kizazi cha watu wazima wenye nguvu, kile ambacho kingepaswa kupokea kutoka kwa wazee na kuwapa watoto. Sanaa inayoishi katika kumbukumbu ya mtu haiwezi kuruka kizazi bila kujeruhiwa, na vifo vya miaka ile lazima vihesabiwe katika historia ya fasihi ya Buhaya kama vinavyohesabiwa katika historia ya tiba. Redio nayo, ambayo nchini Tanzania imetumia Kiswahili ili kuliunganisha taifa, haikuweza kuwa ikulu mpya ya omutezi anayeimba Kihaya kwa saa nzima.

Wakati huohuo, mbali na Kagera, hadithi ndefu ilikuwa ikitafutiwa chombo kipya. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo unaochezwa mezani kwa maneno na dadu, ambamo mtu mmoja husimulia na wengine huamua mashujaa wao watafanya nini. Kompyuta iliuchukua mtindo huo, na nchini Japani michezo ya Dragon Quest ya mwaka 1986 na Final Fantasy ya mwaka 1987 ikaufanya kuwa burudani ya mamilioni. Mchezaji hupewa nchi yenye ramani, lugha na uhasama wake, hupewa wenzake wa safari ambao huwapenda na kuhuzunika wanapokufa, na hupewa maamuzi ambayo matokeo yake huonekana baada ya saa nyingi. Katika miji ya Tanzania, vibanda vya gemu hutawaliwa zaidi na mpira wa miguu, kwa kuwa mechi huisha haraka na mwingine hupata zamu yake. Mchezo wa hadithi hudai mashine ya mtu binafsi, muda usiokatizwa na ufahamu wa lugha ya kigeni, na kwa sababu hizo wapenzi wake ni wachache, ingawa mapenzi yao ni makubwa.

Kati ya sanaa hizo mbili ipo tofauti ambayo haifai kufichwa. Msikilizaji wa enanga hakuweza kumwokoa shujaa aliyepangiwa kufa, wakati mchezaji anaweza kurudi nyuma na kuchagua njia nyingine. Lakini mchezaji mara nyingi yupo peke yake mbele ya kioo, ambapo msikilizaji alikuwa na jirani begani na omutezi aliyemwona usoni. Hapa enanga inaishinda mashine. Na mtu akiziweka pamoja enanga na kwebuga, yaani hadithi ya wote na nafsi ya shujaa ambayo kila mmoja hujitungia, atakuta kwamba Buhaya ilikuwa nayo kwa jumla yale ambayo michezo hiyo hujaribu kuyaunganisha.

Yapo mataifa yaliyokwisha kutambua thamani ya kuvusha ngano zao kwenda kwenye chombo hiki. Kampuni ya CD Projekt ya Poland iliyatumia masimulizi ya Andrzej Sapkowski, yaliyojaa viumbe wa ngano za Waslavi, kutengeneza michezo ya The Witcher, na mwaka 2011 waziri mkuu wa Poland, Donald Tusk, alimpa Rais Barack Obama mchezo wa pili wa mfululizo huo kama zawadi ya nchi yake. Wa tatu, uliotoka mwaka 2015, ulienea dunia nzima. Nchini Kamerun, kampuni ya Kiro'o Games iliyoanzishwa Yaoundé na Madiba Olivier ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ambao ulimwengu wake umejengwa kwa fikra na sura za Kiafrika. Mwaka 2024, Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, unaomfuata mganga kijana anayemlilia baba yake na kufanya mapatano na mungu wa kifo, na mchezaji anaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Huo si mchezo wa kuvaa uhusika kwa maana kamili ya aina hiyo, lakini umethibitisha kwamba kifo, mizimu na uganga wa Kibantu vinaweza kubebwa na gemu kwa heshima inayostahili.

Buhaya ina hadithi za kutosha kufanya hivyo. Ina ziwa lenye mwenyewe, ina nchi ya chini ya ardhi, ina falme jirani zenye wivu, na ina abatezi ambao sauti zao zilirekodiwa na watafiti kabla hawajafariki. Kinachotakiwa ni kwamba vyuo vinavyohifadhi rekodi za sauti hizo viwafungulie watu wa Kagera wazisikilize, kwamba Baraza la Sanaa na Baraza la Kiswahili viwahesabu waandishi wa gemu kuwa waandishi, na kwamba vijana wa Tanzania wenye ujuzi wa kompyuta waende Ijumbi, Kamachumu na Kiziba wakakae na wazee wanaoweza bado kuzicharaza nyuzi za enanga, wawalipe kwa haki, na waandike majina yao mbele ya kazi itakayopatikana. Wazee hao ni wachache, na kazi hiyo inapaswa kuanza wangali hai.